Skafu ya Ottavio

Tangu apasuliwe shingo, rafiki yangu Ottavio alikuwa haji tena mkahawani kwetu Torino. Kovu lilimtia haya. Baridi ilipoanza kuuma nikampeleka dukani kwa Bi Fiorenza. Akanunua skafu ya sufu ya mbunifu mashuhuri, rangi ya divai, laini ajabu. Bi Fiorenza akaikunja mara mbili, akaizungusha shingoni, akapitisha ncha kwenye kitanzi. Kovu halikuonekana tena.

Mkahawani wazee waliacha karata.

"We Ottavio, umependeza mpaka unaudhi!" alisema Gualtiero. "Hebu ifungue utufundishe."

Ottavio alinitazama, akasita. Kisha akaifungua, shingo wazi, akaanza kuwaonyesha. Macho yote yalikuwa kwenye ile sufu.

"Taratibu, bwana," alilalamika Gualtiero. "Rudia pale kwenye kitanzi!"