Mguu wa Kupe Mchanga

Ulimi ndio uliomponza mama. Kazi yake maabara ilikuwa kuwakata kupe wachanga mguu wa mbele, ule wenye kiungo cha kunusia, kisha kungoja wajivue ngozi aone kama kiungo kimeota upya. Nacho huota. Basi mashine ya kukatia majani ilipochukua mkono wa bintiye, Chiriku, mama alimwinamia pale wodini akasema, "Kupe wangu huota miguu, sembuse wewe!" Alitaka tu mtoto anyamaze. Akanyamaza.

Tangu hapo, kila asubuhi mama akimpaka mafuta kwenye kigutu, Chiriku huuliza, "Umeongezeka?"

"Bado."

Mkono wa bandia aliukataa katakata. "Utauziba wangu!" Fundi wa viungo alichoka kupigiwa makelele. Kesho wasipokuja kupimwa, alisema, nafasi anapewa mtoto mwingine.

Mama hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimpeleka maabara, akampandisha kwenye stuli, akamsogezea hadubini.

"Unaona nini?"

"Miguu. Huu mmoja mfupi, kama mjomba!" Chiriku akacheka.

"Huo ndio ulioota. Vinywele vyake vya kunusia ni vichache, lakini vipo." Akabadilisha kioo. "Na huyu alikatwa akiwa mkubwa."

Chiriku alitazama weee. "Wake uko wapi?"

"Hana. Kupe mkubwa hajivui ngozi tena. Ukikatika, umekatika."

"Mimi si bado mdogo?"

Kukata miguu mama alifundishwa chuoni. Hili hakufundishwa na mtu.

"Mdogo, mkubwa, binadamu hajivui, mwanangu. Hautaota. Nilikudanganya."

Chiriku hakulia. Alirudisha jicho kwenye hadubini.

"Huyu mkubwa, kuna mtu alimwambia?"

"Alimwambia nini?"

"Kwamba hautaota."

Mama alizima taa ya hadubini. "Hapana. Shuka twende."

Asubuhi yake alifungua kopo la mafuta kama kawaida. Alipaka taratibu, akazunguka kigutu chote, akarudia tena pale alipokwisha kupaka. Chiriku alikuwa akitazama dirishani. Mafuta yalikwisha kuingia, mama bado amekishika kigutu, anangoja kuulizwa.

"Mama, tutachelewa," mtoto alisema. "Fundi anatungoja."