Bonge la Sarafu kwenye Friji ya Vibeke

Miaka mingi Jørn alizunguka mashamba ya Falster, kisiwa cha Denmark, na mashine yake ya kunusa madini, akaambulia vijiko, vifungo vya makoti na vifuniko vya bia. Kijijini walimwita waziri wa vifuniko. Basi siku mashine ilipolia kweli katika shamba la viazi-sukari, akachimba bonge la udongo ukubwa wa yai, na sarafu nyembamba za fedha zikichungulia pembeni. Friji yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo akakimbilia kwa shemeji yake, Vibeke, hata buti hajavua.

"Lisiguswe, shemeji," alisema, akiliweka kwenye kopo kati ya siagi na samaki wa siki. "Libaki na tope lake, lisikauke, mpaka Jumatatu tulipeleke makumbusho. Nakujua wewe. Ungeweza, ungeosha mvua kabla haijatua."

"Friji yangu, masharti yako. Nenda kaoge, unanuka ng'ombe."

Masharti Vibeke aliyajua. Cha kale ni cha taifa, na aliyekiokota hakioshi. Lakini Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Jørn, na tangu mkewe, dada wa Vibeke, afariki, hakuna aliyempandishia bendera ya siku hiyo, kama ilivyo desturi kwao. Akaona picha kichwani: mikate ya moto, kahawa, na sarafu zinang'aa mezani. Tope ni tope tu, akajiambia. Akachukua maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini.

Bonge likamfumukia mkononi. Sarafu zikaanguka mojamoja, za kijivu kama magamba ya samaki, bila kung'aa hata moja. Maji yakawa rangi ya chai. Hapo ndipo woga ulipomshika. Akachota udongo bustanini, akazipaka, akazirudisha kwenye kopo.

Jumapili bendera ilipanda. Jørn alikula mikate minne akicheka. Vibeke alimmiminia kahawa, mkate wake mwenyewe hakuugusa.

Jumatatu walikwenda pamoja. Kule makumbusho, mtunzaji wa vitu vya kale, dada mmoja mpole aitwaye Solvej, aliziangalia kwa lenzi muda mrefu.

"Zilikuwa zimeshikana?"

"Kama yai," alisema Jørn.

"Tazama hii. Alama za nyuzi. Zilizikwa ndani ya mfuko wa kitambaa, ukageuka kuwa kama udongo. Sarafu za aina hii tunazo nyingi. Mfuko hatujawahi kupata."

Jørn alivua kofia polepole. "Ni mimi. Nililitia mfukoni pamoja na funguo, nikaruka nalo mtaro. Miaka yote hii naomba kitu kimoja, nimekipata nimekisaga." Akacheka kicheko kisicho na meno. "Mashine nitaiuza. Vifuniko vya bia vitapumzika."

Vibeke alitazama mikono yake mwenyewe. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Jørn angerudi nyumbani na kosa lisilo lake, angelala nalo, angezeeka nalo.

"Halikusagika mfukoni," alisema. "Nililiosha mimi. Kwa sabuni. Halafu nikazipaka udongo wa bustani."

Jørn alirudisha kofia kichwani.

"Maji uliyamwaga?" Solvej aliuliza, bila ukali.

"Niliyachuja kwanza kwa karatasi ya kuchujia kahawa, nisije nikapoteza kipande. Karatasi iko kwenye pipa la maganda."

"Pipa linachukuliwa lini?"

"Leo."

Jørn alikuwa ameshafika mlangoni.

Walilikuta pipa bado getini kwa Vibeke. Jørn alilimwaga juu ya magazeti, akapiga magoti. Nyumba ya Vibeke hunywa kahawa kutwa nzima, na karatasi zote zilifanana, hivyo walizifungua moja baada ya nyingine katikati ya maganda ya viazi. Kahawa. Kahawa. Kisha moja yenye tope laini, na ndani yake vijiuzi vya rangi ya kutu, vifupi kama kope.

"Jana," alisema Jørn, "nilipokuwa nakula, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ukanimiminia kahawa."

"Nilikumiminia, shemeji."

Jørn aliilaza karatasi kwenye sahani, akaifunika, akaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari alichokuwa amekalia Vibeke, akaifunga mkanda. Akawasha gari na kurudi makumbusho taratibu, akikwepa kila shimo. Vibeke alibaki getini, akaanza kuyazoa maganda.