Kilio cha Vyura wa Musonoi

Zéphirin Kalumba alikuwa mtafiti wa vyura, na katika mtaa wa Musonoi hakuna aliyemwamini. Majirani walimwona akiondoka asubuhi na mabuti ya mpira, ndoo na wavu, akielekea kwenye mabwawa yaliyo nyuma ya machimbo, wakakata shauri kwamba amegundua kobalti na anaificha. Mara mbili vijana wachimbaji walimfuata. Walipomkuta amepiga magoti kwenye tope, akimpangusa chura tumboni kwa kijiti chenye pamba, walirudi zao kimya, kama watu waliofungua mlango wa choo na kukuta kuna mtu.

Alikuwa akichunguza kwa nini vyura wanapungua. Zamani kidogo tu mabwawa yale yalipiga kelele msimu wa mvua hadi watu wakafunga madirisha. Sasa mengi yalikuwa kimya. Mengine yalijaa tope linalotokana na kuosha mawe ya shaba. Mengine yalikuwa na maji safi kabisa, ila vyura hawamo, na hapo Zéphirin alishuku ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi yao. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya hayo, lakini hakuwa na wa kumwambia. Alipoyasoma matokeo yake kwenye mkutano wa wataalamu Lubumbashi, wasikilizaji walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa ameingia kuchaji simu.

Kwa hiyo Glodie, mtangazaji wa redio ya mtaa, alipomwalika kwenye kipindi cha Jumamosi alasiri, Zéphirin alijiandaa kama anayekwenda kuapishwa uwaziri. Alijizoeza mbele ya kioo. Alijizoeza hata kunyamaza: aseme neno zito, avute pumzi, atazame mbali, ndipo aendelee. Mkewe Florentine alimtazama kutoka mlangoni, akamwuliza kama jino linamuuma.

Kipindi kilianza vizuri. Glodie alimtambulisha, akaeleza kazi yake. Jambo ambalo Zéphirin hakulijua ni kwamba muda huo huo umeme ulikuwa umekatika mtaani, studio ikiendelea kwa jenereta, na uliporudi, redio nyingi zilimkuta amefika penye uzito.

"Familia nzima imekwisha," alikuwa akisema. Kwa wataalamu, familia ni ukoo wa wanyama wanaofanana, lakini hilo alikuwa amelieleza umeme ukiwa haupo. "Mwaka uliopita nilikuwa nabasikia bote banaimba. Leo nakwenda, naita, hakuna mwenye kujibu."

Akanyamaza kama alivyojizoeza. Safari hii, hata hivyo, sauti ilikatika yenyewe na machozi yakamtoka ya kweli. Aibu yake ni kwamba, katikati ya machozi hayo, alijisikia akisema moyoni: hapa nimepatia.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, Florentine alipanda pikipiki kwenda sokoni. Zéphirin alibaki uani, amevaa kaptula, akisugua mabuti yake kwa javeli, dawa ya kuua vijidudu, ili asihamishe ugonjwa kutoka bwawa moja hadi jingine. Lango likafunguliwa. Akaingia Mama Darlène, kiongozi wa akina mama wa parokia, na nyuma yake akina mama wengi, vitenge vimekazwa kiunoni, sufuria kichwani. Mwisho kabisa alikuja Tata Kisimba, mzee mtunza viti vya kanisa, akisukuma mkokoteni wa viti vya plastiki. Hakuna aliyetabasamu. Mama Darlène alimtoa burashi mkononi taratibu.

"Acha kazi, mwanangu," alisema. "Mu kilio mutu hatumike. Ikala chini."

Zéphirin aliwatazama wale wanawake. Akaikumbuka ile pikipiki, na barabara ya malori ya machimbo, na mkewe aliyekaa upandeupande na kikapu mapajani.

"Florentine," alisema, akaanguka mavumbini na kulia kwa sauti ambayo hakuwa amejizoeza hata kidogo.

"Iko naita bibi yake," mama mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Kumbe na yeye. Kweli ni familia yote."

Wakaanza kuimba. Moto ukawashwa, bukari, yaani ugali, ikaanza kusongwa. Zéphirin alikuwa amelalia paja la Mama Darlène, analia, anapigwapigwa mgongoni kama mtoto aliyevimbiwa, Florentine alipotokea langoni na kikapu cha sombe, majani ya muhogo. Aliona viti, akaona moto, akamwona mumewe. Kikapu kikamponyoka.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Wimbo ulikatika. Akina mama walimtazama marehemu huyo aliyetoka sokoni. Zéphirin aliruka, akamkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yao, akacheka huku kamasi zikimchuruzika.

"Sasa kama bibi ni muzima," alisema Tata Kisimba polepole, "ni nani njo alikufa?"

"Mi nilizani ni ninyi munajua," Zéphirin alijibu.

"Sisi tulisikia kwako, ku radio. Ulisema familia yote imekwisha."

Hapo ndipo alipoelewa. Alitamani tope la kuzamia. Vyura hulala humo kiangazi chote, wala hakuna anayewasemesha.

"Ni bachura," alisema.

Aliyekuwa akisonga bukari aliacha mwiko.

"Bachura," Mama Darlène alirudia. Alikigusa kitambaa cheusi alichojifunga kichwani. "Zéphirin, padri alibaombea leo ku misa ya kwanza. Mi mwenyewe nilimupatia jina. Alisema: roho za familia Kalumba."

Mama mmoja alianza kukohoa. Hakikuwa kikohozi. Kicheko kikaruka kutoka kiti hadi kiti, na Florentine ndiye aliyecheka kuliko wote, akishikilia ukuta.

Alipopata pumzi alimwambia mumewe, "Bantu banaisha kufika, na bukari iko tayari. Ubaelezee basi."

Akawaeleza. Aliongea vibaya sana. Alichanganya mayai na mbu, kuvu na mvua, hakunyamaza mahali popote pazuri, na walimsikiliza wakila. Hakuwa amewahi kupata umati kama ule. Alipokaribisha maswali, la kwanza lilikuwa choo kiko wapi. La pili liliulizwa na Mama Darlène.

"Ule ugonjwa, unapita wapi kufika bwawa ingine?"

"Ku matope. Matope inakamata ku viatu."

"Na ni nani mwenye kutembea kila bwawa na viatu?"

Zéphirin alifikiri kwa uaminifu wote wa kisayansi. "Mi," alisema.

Walicheka tena, hata yeye. Lakini Mama Darlène alichukua ile burashi, akamrudishia. "Sugua basi," alisema. "Tutakungoja."

Akasugua mabuti mbele ya waombolezaji wake.

Jioni Tata Kisimba aliamua kwamba mfiwa wa namna hii anaweza kurudisha viti mwenyewe. Zéphirin akasukuma mkokoteni kupitia mtaani, na kila hatua mtu alimpa pole, naye akashukuru, maana kueleza kulikuwa kazi kubwa kuliko kushukuru. Karibu na parokia dereva mmoja wa pikipiki alisimama kando yake.

"Pole, tata. Nani alikufa?"

Zéphirin alikuwa amechoka kudanganya. "Chura," alisema.

Kijana alizima injini, uso umembadilika. "Chura wa Mashamba? Mwenye kuchimba na ba Sadrack? Jana tu tulikula naye."

"Hapana, si ule mutu. Mi nasema—"

Kijana alikuwa ameshampigia simu huyo mchimbaji aliyebandikwa jina la Chura. Aliiweka sikioni, akangoja hadi mwenzake akapokea, kisha akashusha pumzi ndefu. Akaongea kidogo pembeni, halafu akamnyooshea Zéphirin ile simu kwa heshima ya mikono miwili.

"Tata, ongea naye. Anasikia ulikuwa unamulilia."

Zéphirin akaipokea, maana hakujua la kufanya jingine.

"Mi niko, tata," sauti nzito ilisema, nyuma yake nyundo zikigonga mawe. "Usilie."

Zéphirin alimshukuru. Akamwuliza, kwa kuwa walikuwa wameshafahamiana, kama huko kwenye machimbo ya Mashamba kuna bwawa karibu.