Mpaka Stika Ziishe

Kila asubuhi nilianza na kitambaa. Nakiloweka, nakikamua, nafuta vumbi la unga kwenye mfuko, nabandika lebo, kisha nailainisha kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni ili isibaki na hewa. Mifuko mia na ishirini kabla ya saa tatu, kwenye ua wa shangazi yangu Hamdiya, Manzese, ambako hata kanga zilizoanikwa hunuka ulezi wa kukaanga.

"Sista Nusaiba," alisema Marijani, mwenye bajaji anayetupelekea mzigo Bunju, "hizo stika ukizidi kuzipapasa hivyo zitaleta posa."

"Wewe panga maboksi," shangazi akamjibu kwa niaba yangu. Mie sina majibu ya haraka.

Lebo ile niliiandika mwenyewe, nilipomaliza stashahada yangu ya chakula na lishe. Chuoni tulifundishwa kwamba kila kilichomo lazima kiandikwe, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na uzito uwe wa kweli. Nilikaa siku mbili nikichagua maneno. Unga wa lishe wa watoto: mahindi, soya, mchele, ulezi. Chini yake, kwa herufi nene, nikaongeza: Haina karanga. Shangazi aliisoma kwa sauti mbele ya majirani, akasema mtoto wa kaka yake amesoma. Tukachapisha roli kumi.

Wiki tatu zilizopita soya ilipanda bei. Shangazi akaingiza magunia mawili ya karanga badala yake.

"Shangazi, na lebo?" niliuliza siku ile.

"Zimebaki roli nne. Nizitupe? Zikiisha tutaandika nyingine."

"Lakini pale pameandikwa haina..."

"Nusaiba, karanga si sumu. Tunawapa kitu kizuri kuliko tulichoandika, halafu tuombe radhi?"

Shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Nilikamua kitambaa nikaendelea kubandika. Siku za mwanzo niligeuza lebo juu chini mkononi ili nisiisome. Baadaye sikuhitaji hata kuigeuza, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi ninapojifikiria: kwamba mkono ulizoea.

Leo nilikuwa nimefika mfuko wa arobaini hivi, geti likasukumwa mpaka likagonga ukuta. Aliingia Hamisa, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mguu mmoja alivaa ndala ya bluu, mwingine ya kijani. Mkononi alikuwa na mfuko wetu, umekunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo.

"Shikamoo mama," alimwambia shangazi. Hata katika hali ile alisalimia kwanza.

"Marahaba mwanangu. Kulikoni?"

"Tunu yuko zahanati tangu alfajiri. Alikunywa uji, akatapika, midomo ikavimba, macho yakafumba, pumzi ikawa inatoka kama filimbi. Wamemchoma sindano ndiyo akapumua. Daktari anataka kujua kala nini."

Kitambaa kilinidondoka. Namjua Tunu. Ana miaka miwili, na akipita getini kwetu huniita "Aiba" kwa kuwa jina zima linamshinda.

"Maskini," alisema shangazi. "Na uji ulikuwa wa nini?"

"Wa huu unga wenu. Mnajua Tunu ana aleji ya karanga. Idd iliyopita aliramba kashata tu, tukakimbia naye. Ndiyo maana nanunua huu."

"Sasa si usome mfuko, mwanangu?"

"Nimesoma mama. Nimesoma jana, nimesoma leo zahanati, nimemsomea na daktari." Sauti yake ilianza kukatika. "Pameandikwa haina."

"Basi haina. Waliokuja kutukagua walisoma lebo hiyohiyo wakaridhika."

Ni kweli walikuja. Walikuja mwezi wa kwanza, kabla ya magunia yale. Nilimtazama shangazi nikisubiri aongeze maneno hayo. Hakuongeza. Aliifunga kanga yake vizuri, akauliza kwa upole, ule upole wake wa dukani:

"Jana alikula nini kingine?"

"Wali na dagaa."

"Dagaa hao! Wa wapi?"

"Wa pale kituoni."

"Umeona? Wanawaanika chini, kwenye vumbi na inzi. Nyie wazazi wa siku hizi mnanunua tu. Mtoto mwenye matatizo hapewi dagaa wa barabarani."

Nilimwona Hamisa akiinama. Alifika na hasira yake ya haki, na sasa alikuwa akiikunja kama anavyokunja mfuko ule. Alikuwa anajilaumu. Mwanamke aliyesoma kila neno tulilomwandikia alisimama uani kwetu akijilaumu kwa sababu ya dagaa.

"Labda," alisema. "Labda ni dagaa kweli. Mama mkwe alinikataza."

"Ndiyo hao," alisema shangazi. Akainama kwenye boksi langu, akatoa mfuko niliotoka kuubandika, lebo bado ina unyevu wa kitambaa. "Chukua huu, sadaka yangu. Mtoto katapika, tumbo tupu. Akirudi mkorogee uji mwepesi, apate nguvu."

"Mungu akubariki mama," alisema Hamisa, akaupokea kwa mikono miwili.

Marijani aliacha kupanga maboksi. Yeye ndiye aliyeshusha magunia yale. Alinitazama mie, kisha akatazama matairi ya bajaji yake, na nikajua kwamba hatasema.

Nilimkasirikia shangazi aliyeweza kutoa zawadi ile huku akijua kilichomo. Nilimkasirikia Marijani na matairi yake. Nilizikasirikia roli mbili zilizobaki, zimekaa juu ya meza kama kitu cha thamani kuliko koo la mtoto. Lakini zaidi nilikikasirikia kidole gumba changu, kilicholainisha uongo ule mpaka pembeni, usiwe na hata kikunyanzi.

Hamisa alikuwa amefika getini.

"Dada," niliita.

Hakusikia. Huwa nikiita watu hawasikii.

"Nusaiba, endelea na kazi," alisema shangazi, taratibu, bila kugeuka.

Nilisimama. Beseni la maji likapinduka, maji yakaenda chini ya maboksi, na shangazi akapiga kelele, "Wewe! Mzigo wa watu!" Nilipita juu ya maji, nikamfikia Hamisa, nikaunyakua mfuko mikononi mwake kwa nguvu hata lebo ikachanika.

"Usimpe! Humu kuna karanga! Zimo wiki tatu sasa, kwenye huu na kwenye ule ulionao. Kamwambie daktari ni karanga, si dagaa. Lebo niliiandika mie, nikaendelea kubandika huku najua."