Beseni la Léocadie

Kila jioni, akitoka kusafisha ofisi, Léocadie alipanda lifti mpaka juu kabisa ya jengo lao huko Tottenham, akafungua mlango wa paa na kuvuka mchanga wa jangwa lililokuwa huko juu. Alijaza maji kwenye beseni la bati, akaligonga kwa kijiko kama mama yake alivyokuwa akiita mbuzi kule Uvira. Kondoo mwitu wakashuka miambani na pembe zao zilizojikunja, wakanywa.

Walikuwa wamebaki wachache. Mvua ilinyesha London nzima isipokuwa kwenye jangwa lile, majani yakawa haba, na chui akapanda kwa ngazi kama mpangaji yeyote lifti ikiharibika. Kundi lenye nguvu lingempoteza kilema mmoja na maisha yakaendelea. Hili halikuwa na wa kupoteza. Kwa hiyo Léocadie aliweka beseni peupe, mbali na tangi la maji ambako chui alipenda kujibanza, na mwaka huo hakuliwa hata mwanakondoo.

Kisha akashikwa na mafua makali. Akamwomba Kizito, mdogo wa marehemu mumewe, awanyweshe, akamfundisha mapigo ya kijiko. Kizito aliishi chini ya paa lile na mchanga ulimdondokea mezani. Ofisi iliyosimamia jengo ilikuwa imemwambia haizibi dari penye kundi la wanyama. Léocadie alilijua hilo, lakini shemeji ni shemeji, nani humchunguza?

Alipopata nafuu alipanda juu. Beseni lilikuwa nyuma ya tangi, limezungukwa na pembe tupu.

Kizito hakukana. “Shemeji, mchanga ilikuwa inaingia mu chakula ya batoto.”

“Ungeniambia.”

“Ungekatala.”

“Uliwaita na mkono yangu, Kizito.”



Alibaki jike mmoja, mwenye mimba. Ofisi ikasema kondoo mmoja si kundi, ikaziba dari. Jumapili Kizito alishukuru mbele ya kanisa, watu wakasema amina, na Léocadie akasema pia, kwa mazoea. Chui sasa hutumia lifti. Wapangaji husogea kidogo pembeni apate nafasi.

Jioni ya Jumapili ile Léocadie aliweka beseni peupe, akagonga taratibu. Jike akatokea mwambani, midomo imekauka. Alimtazama Léocadie kwa muda mrefu. Léocadie akagonga tena, na kondoo akageuka, akapanda juu zaidi.