Mwendo wa Marehemu Rafaeli

Siku ya kikao cha wazazi Zuwena alifunika machungwa yake mapema, akajitanda khanga, akamgeukia Kristina wa meza ya pili.

"Inuka twende. Tukichelewa watasema tumeogopa."

Walikuwa wakiuza machungwa meza kwa meza pale stendi ya Muheza kwa miaka mingi, Zuwena Mzigua wa upande wa Pangani, mwenziwe Msambaa wa milimani. Tangu siku ya kwanza walikuwa watani, na salamu za kistaarabu hawakuzijua. Zuwena akifika asubuhi husema, "Msambaa, umekoga leo, au maji bado yanakutisha?" Na Kristina humjibu bila kuinua uso kwenye kisu, "Kumbe umeamka, Mzigua. Nilidhani umepanda muhogo ukalala papo hapo kuungoja uote." Wateja hucheka, wao wanaendelea kumenya.

Siku hiyo hapakuwa na utani. Daniel, mtoto wa Kristina aliyeko kidato cha pili, alikuwa amempiga mwenziwe Suleimani kwa mpini wa jembe mpaka akashonwa juu ya jicho. Watu walishaanza kusema kwamba atafukuzwa.

"Mimi sijui kusema mbele za watu," Kristina alisema njiani. "Tangu baba yake afariki, nikifungua mdomo yanatoka machozi."

"Wewe kaa tu. Mdomo ninao mimi, leo utafanya kazi yake."

Wazazi walikuwa wamejaa darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mzee Uweso, fundi baiskeli, baba yake Suleimani, ndiye aliyeanza. Alisema yeye mtoto wake amempeleka shule, hakumpeleka vitani. Wengine wakadakia. Mmoja mtoto wake anarudi kila siku hana vifungo vya shati. Mwingine binti yake siku hizi anaumwa tumbo kila Jumatatu, na hospitali hawaoni ugonjwa. Kila aliyesimama alimaliza kwa kusema huyu Daniel aondolewe, wengine wapate funzo.

Kristina alikuwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Zuwena akasimama.

"Mzee Uweso, pole sana kwa mtoto. Lakini mimi namjua Daniel tangu anaota meno. Mtoto yule hata kuku hamfukuzi. Mmemuuliza amefanywa nini? Kila mapumziko wanamzonga, wanamcheka, wanamwandama mpaka chooni. Mtoto hana baba, miezi mitatu tu, na wenziwe wamemgeuza ngoma. Sasa mimi nauliza, hayo nani kawafundisha? Tabia haiokotwi barabarani, inatoka nyumbani. Yupo mama humu ndani amemlea huyo aliyeanzisha. Ajitokeze, tumwone uso."

Wakampigia makofi. Alikaa, akaona raha, akamfinya Kristina mkono.

Mwalimu Anastazia, mwalimu wa nidhamu, akamwita Suleimani mbele. "Waonyeshe wazazi mnachomfanyia Daniel. Chote."

Mtoto alikataa, akajikuna, akamtazama baba yake. Baba yake akamwambia, "Fanya." Basi akafanya. Aliutupa mguu wa kulia nje, akauburuta, akashika kiuno. Hatua chache, akasimama, akapandisha suruali kwa mikono miwili. Kisha akainua kidole juu na kusema kwa sauti ya puani:

"Nani kanifichia fimbo yangu? Waambieni sirudi, huku niendako hakuna kilima."

Nyuma kuna watu walicheka, halafu wakakumbuka wako wapi, wakakohoa.

Zuwena hakucheka. Kuchechemea kule kulikuwa kwa Rafaeli, mume wa Kristina. Alikuwa mpakiaji, aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori la machungwa na mguu wake haukurudi sawasawa. Stendi nzima waliujua mwendo wake. Lakini Rafaeli alikuwa mtu mkimya, hakuinua kidole wala kusemea puani, na maneno yale ya fimbo na kilima hakuyasema katika uhai wake. Maneno yale yalitungwa na Zuwena.

Aliyatunga msibani. Mtani kazi yake msibani ndiyo hiyo, wenye msiba wakizidiwa na kilio yeye awachekeshe. Siku ya pili, wanawake wamenyamaza kabisa na Kristina hajala tangu jana yake, Zuwena aliingia chumbani akavaa koti la marehemu na kofia yake, akatoka navyo uani akichechemea. Akapandisha suruali isiyokuwepo, akauliza nani kamfichia fimbo. Watu walianguka kwa kicheko. Kristina mwenyewe alicheka huku machozi yanamtiririka, akamtupia kitenge kama ada ya mtani, akasema, "Mvueni huyo mchawi koti la mume wangu." Kisha akaomba uji.

Na katika wanafunzi wote wa shule ile, aliyekuwepo uani siku ile akibeba mabenchi alikuwa mmoja tu. Badru, mwana wa Zuwena mwenyewe.

Kristina aligeuza shingo polepole, akamtazama mara moja. Kisha akautoa mkono wake chini ya mkono wa Zuwena, akauweka mapajani.

"Nani alianza?" Mwalimu Anastazia aliuliza.

"Tunafanya wote, mwalimu."

"Wa kwanza nimesema."

Suleimani alitazama sakafu. Mkuu wa shule akawatazama wazazi mmoja mmoja, na macho yake yalipofika kwa Zuwena, Zuwena akajifanya anafunga pindo la khanga. Ule mdomo aliojisifia njiani ulikauka kama ganda la chungwa juani. Ikaamuliwa Daniel akae nyumbani mpaka kamati ikutane. Kristina aliinuka, akatangulia kutoka. Hakumngoja.

Nyumbani Zuwena alimkuta Badru akichochea moto. Hakumsalimu.

"Mwendo wa baba Daniel. Ni wewe?"

Badru akaiacha kuni. "Mama, nilifanya mara moja tu."

"Kwa nini?"

"Alikuwa amekaa peke yake chini ya ukuta, hasemi na mtu. Nikakumbuka ulivyofanya wewe, mama Daniel akacheka, akala. Nikasema na yeye atacheka."

"Akacheka?"

"Kidogo. Halafu wenzangu wakaanza na wao. Kila siku. Nikawaambia basi, wakasema mbona mwenyewe ndiye uliyeanza. Nikanyamaza."

Zuwena alikuwa ameinua mkono ampige. Uligoma hewani. Angempiga kwa kosa gani? Kwa kuiga, au kwa kunyamaza? Yote mawili yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama hapo na khanga ya kikao. Aliushusha mkono, akakaa juu ya kinu.

"Utani una mahali pake," alisema. "Mimi nilifanya mbele ya mwenye msiba, naye akanijibu. Ule ulikuwa mchezo wa watu wawili. Daniel angewajibu vipi, mko kundi zima?"

Badru alirudisha kuni motoni. Zuwena, alipojisikiliza, alijua mtoto hakuambiwa hayo hata siku moja. Aliachwa ayaone tu.

Asubuhi walikwenda wote wawili kwa Kristina. Mlangoni Zuwena alisita. Hakuwahi kuingia nyumba ile kwa hodi ya kawaida, hata hakujua inaanzia wapi. Akasema kwa sauti ndogo:

"Msambaa, umekoga?"

Kristina alitoka na ufagio mkononi. "Karibu, mama Badru. Habari za kuamka?"

Ilimwingia kama maji ya baridi. Kristina akamletea kiti, akakifuta kwa upande wa khanga, akatandika na kitambaa kilichofumwa, kile cha kumwekea padri. Akamimina chai. Kila kitu kwa mikono miwili.

"Kristina, nimekuja kuomba radhi."

"Kunywa chai, mama Badru, inapoa."

"Huyu ndiye aliyeanza. Na alichukua kwangu."

"Najua ilikotoka. Kitenge nilitoa mimi." Kristina alikaa kwenye jiwe la mlangoni, mbali kidogo. "Sikuchukii. Siku ile ulinitoa kaburini. Lakini mwanangu analala amejifunika kichwa, anasema anamsikia baba yake anachekwa. Na jana ulikuwa na mdomo, ukaufunga. Mimi unaniomba radhi ya nini? Nilikuwepo, nimeshaona. Wasioona ni wale wa kikao."

Daniel alichungulia nyuma ya pazia. Badru akasema, "Nisamehe." Daniel aliliachia pazia likashuka.

Kamati ilipokutana Zuwena hakuwa ameitwa. Alisubiri nje ya ofisi, Badru pembeni yake, mpaka mkuu wa shule akawaruhusu kuingia. Mzee Uweso alikuwepo, na Mwalimu Anastazia, na wazazi kadhaa waliompigia makofi.

Alisema yote. Koti, kofia, kidole, maneno ya fimbo, na nani aliyapeleka shuleni. Alisema taratibu, na alipofika pale alipojifanya anafunga khanga, alipasema napo.

Mzee Uweso alimtazama sana. "Si wewe uliyesema mama huyo ajitokeze tumwone uso?"

"Ndiye mimi, mzee. Ndio huu."

Hakuna aliyemzomea. Afadhali wangemzomea. Walitazama meza, kama watu wanaomstahi aliyevukwa na nguo, na mama mmoja aliyekuwa akimpungia mkono kila siku stendi akajishughulisha na simu. Mzee Uweso akasema kovu la mwanawe halitafutika kwa maneno, ila na yeye amemwona mwanawe akichechemea mbele ya watu, na hajui alale vipi. Wakakubaliana Daniel arudi shule, na Suleimani, Badru na wenzao waende nyumbani kwake na wazazi wao. Walikwenda. Daniel aliwapa mkono mmoja mmoja, Badru akawa wa mwisho, na mkono aliopewa ulikuwa mwepesi sana.

Shuleni mchezo ule ulikwisha. Stendini Zuwena na Kristina waliendelea kuuza meza kwa meza. Kristina akifika husema, "Umeamkaje, mama Badru?" Akitaka kisu husema naomba, akirudisha husema ahsante. Mteja mmoja wa zamani, dereva wa lori, aliwasikiliza siku moja, akashangaa.

"Leo Mzigua na Msambaa mna nini? Mbona hamtukanani?"

"Hatuna kitu," Kristina alijibu. "Mama Badru ni jirani yangu mwema."

Zuwena alikuwa anamenya. Ganda lilikatika, likaanguka miguuni pake. Kwenye ncha ya ulimi alikuwa na neno la kumjibu, neno la kitambo la maji na milima, lililozoea kutoka lenyewe. Alilimeza. Akachagua chungwa zuri, akalikata kichwa, akamsogezea Kristina kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama Badru."

"Haya, mama Daniel," alisema Zuwena, na macho hakuyainua.