Sura ya Mama kwenye Karte

Nianze na kaka yangu Kule, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa lake. Asubuhi ya kumzika mama, mwaka 1985, tulimtuma bironi, kwenye ofisi ya serikali, kuandikisha kifo. Aliibeba karte ya mama jinsi mama mwenyewe alivyoihifadhi siku zote: ndani ya nailoni, nailoni ndani ya kitambaa, kitambaa kimefungwa mafundo mawili ambayo hata sisi wanawe hakuwahi kutufungulia. Bironi wakaichukua, wakamwambia marehemu hana kazi tena na kitambulisho, wakampa cheti cha kifo. Kule akasema asante akarudi. Hakuomba hata kuitazama. Mwanamume wa miaka arobaini, fundi wa mbao anayeheshimika Bunia nzima, anasema asante!

Mnielewe. Hatukuwa na picha nyingine ya mama. Ile ya harusi iliungua mwaka 64, waasi walipopita nasi tukakimbilia porini. Tangu hapo mama hakutaka kusikia habari za picha. Ukileta mpiga picha nyumbani, yeye anakumbuka ana maharage motoni. Kwa hiyo sura yake yote hapa duniani ilikuwa kipande kimoja cha ukubwa wa kidole gumba, kilichobandikwa kwenye karte ya serikali, na Kule amekiacha kwenye droo ya watu.

Binti yangu Martine alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alilelewa na mama kuliko alivyolelewa na mimi, kwa maana baba yake alituacha mapema na mimi nilikuwa mtu wa njiani: nanunua samaki wa chumvi Mahagi-Port, nauza Bunia, narudi tena. Wiki ya pili ya kilio aliniambia, "Mama, nikifunga macho naona kitenge ya Koko, naona mikono yake. Sura haiko tena." Koko ndivyo alivyomwita bibi yake. Akaanza kulia. Mimi niliogopa, maana hata kwangu sura ilikuwa imeanza kufifia, na nilikuwa sijathubutu kumwambia mtu. Nikamwahidi kwamba kabla ya misa ya siku arobaini picha ya Koko itakuwa ukutani. Hippolyte, mpiga picha wa karibu na soko, alisema anaweza kuikuza kutoka kwenye karte hata ijae ukuta. Nilete karte tu.

Nilete karte tu! Siku ya kwanza nilimkuta bironi karani anayeitwa Marcellin, anamenya karanga juu ya dosie, yale mafaili ya watu.

"Mama, shefu ya ile droo haiko," alisema. "Alienda mu mission ya kazi, Mahagi."

"Atarudia siku gani?"

"Mission ni mission. Rudia mardi."

Nilirudi mardi, Jumanne. Mardi ilikuwa salongo, kazi ya umma ya lazima, biro nzima iko nje inafyeka majani kando ya barabara, na kabla sijamaliza kusalimia, mtu akanitia jembe mkononi. Ukikataa salongo unaitwa adui wa taifa. Nililima mtaro wa serikali hadi saa sita. Nilikwenda kutafuta sura ya mama, nikarudi nyumbani na malengelenge. Kule aliponiona alicheka, nami nikamtukana tusi ambalo mama angenipigia kofi.

Mara ya tatu shefu alikuwepo lakini ufunguo haukuwepo. Mara ya nne ufunguo ulikuwepo, wakataka barua ya shefu wa mtaa kwamba mimi ni mtoto wa marehemu. Mimi, niliyetoka tumboni mwake, nikaandikiwe barua na mtu aliyehamia mtaani kwetu mwaka jana! Niliileta. Siku zilikuwa zimebaki nne. Kule alikuwa amekwisha kuchonga fremu na kuipaka vanishi, nadhani kwa aibu, na jamaa wa Butembo walikuwa wamepanda lori kuja kwenye misa.

Mara ya tano Marcellin akafungua droo. Karte za marehemu zilikuwa zimefungwa kwa mipira, mafungu kwa mafungu. Akazipekua taratibu, akitia mate kidoleni, akisoma majina kwa sauti. Mama aliandikwa Katungu, jina lake la kuzaliwa, maana Joséphine la ubatizo serikali ilikuwa imelipiga marufuku kama ya watu wote.

"Katungu. Njo hii." Akaigeuza upande wangu. "Angalia muzuri. Njo mama yako?"

Niliangalia. Jina ni lake, mwaka wa kuzaliwa ni wake, na uso ni wa mama Agathe, jirani yetu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenipa chumvi.

Nikageuza karte nyuma, nikageuza tena mbele, kana kwamba mama angetokea upande wa pili. Marcellin akaacha kutafuna.

"Citoyenne, nakuuliza. Ni yeye ao haiko yeye? Juu kama haiko yeye, ile cheti ya kifo tulitoa ni ya bongo, ya uongo, na weye na kaka yako mutaeleza mulizika nani."

Nilisema, "Njo yeye." Akanisukumia daftari, nami nikatia sahihi kwamba mtu aliye pichani ni mama yangu mzazi na kwamba amekufa. Nikatoka na karte ya mama mkononi, nimemuua jirani kwa kalamu.

Nilipanda kilima nikiongea peke yangu. Nilikuwa na hasira na Marcellin, na Kule, na serikali yote hadi mlinzi wa lango, lakini zaidi ya wote nilikuwa na hasira na mama. Miaka yote ile amepita kwenye vizuizi vya askari na sura ya mtu mwingine, akifungua vile vifundo taratibu mpaka askari wachoke na kumpungia mkono apite. Alijua! Alijua hana picha, alijua atakufa kama wote tunavyokufa, akatuacha hivi. Nilimwambia hayo yote njiani, kwa sauti, watu wakageuka kunitazama.

Mama Agathe alikuwa uani kwake anatwanga sombe, majani ya muhogo, Martine anamsaidia. Nilimtupia karte juu ya meza. Martine akawahi kuiangalia, akaona kabla sijasema neno.

"Lakini hii ni mama Agathe!"

Mama Agathe alifuta mikono, akaishika karte, akacheka kidogo, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Hortense, mutoto wangu, kaa kwanza."

"Sikai. Picha ya mama yangu iko wapi?"

"Haiko. Haikukuwa hata siku moja." Akavuta kigoda akakaa yeye. "Watu wa karte walikuja kupiga picha siku moja tu, kule mbele ya kanisa. Walisema mutu atakosa siku ile, atafungwa. Mimi nilipigwa asubui. Mama yako hakuweza kutoka, njo akaniomba. Nilirudia saa tisa na jina yake. Nilibadilisha kitambaa ya kichwa tu. Yule wa picha hata hakuniangalia, kwake siye bamama bote tuko sawa."

"Hakuweza kutoka juu ya nini? Kanisa iko pale chini tu!"

Mama Agathe akamtazama Martine, kisha mimi.

"Juu ya huyu. Alikuwa na surua. Weye ulikuwa Mahagi-Port, ile safari lori iliharibika Kpandroma."

Niliikumbuka safari ile. Martine hakuwa ametimiza miaka miwili, nilimwacha mzima, nikachelewa karibu wiki mbili. Waliniambia tu mtoto aliumwa kidogo akapona.

"Kidogo?" mama Agathe alisema. "Macho ilifungika. Akilazwa chini, pumuzi inakatika. Padri alikuja kumupaka mafuta ya mwisho. Mama yako alisema hatamuweka chini, hata serikali ije na bunduki."

Martine alikuwa ameacha kutwanga. "Koko alinibeba siku ngapi?"

"Tisa. Muchana na usiku, ku mugongo. Alikuwa anakula akisimama."

Niliuliza kwa nini hawakuniambia. Sauti yangu ilikuwa bado ya ugomvi, sikuwa na nyingine.

"Alinikataza. Alisema, 'Hortense akijua mutoto alitaka kufa, hatatoka tena kwenda kutafuta. Na siye tunakula ku ile safari yake.' Mimi nilinyamaza. Nilifikiri atakuambia yeye mwenyewe, siku moja."

Martine alikuja akanishika mkono. Mimi nilikuwa naangalia ua wetu upande wa pili wa ukuta, pale ambapo lori lilinishusha safari ile. Jua lilikuwa la saa sita na nilikuwa na magunia matano. Nilipiga kelele nipokewe, hakutoka mtu. Nikaburuta gunia moja mpaka mlangoni, nimefura kwa hasira. Martine alikuwa mkekani anakula ndizi, amekonda, nikadhani anaota meno. Mama alikuwa amelala mchana kweupe, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya tangu nizaliwe.

Nilisimama mlangoni na kumwambia, "Mama, mimi nabeba magunia, weye unalala?"

Aliamka. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaniomba radhi, akatoka nje kubeba gunia.